Mji wa Kannauj, Ambao Abla Alisema Haupo

Nilikwenda India kwa sababu sikutaka kuomba radhi. Wengine husafiri kutafuta elimu, wengine tiba, na mjomba wangu Seif husafiri ili apigwe picha. Mimi nilikwenda kuutafuta mji ambao mwalimu wangu alisema hauko duniani.

Mambo yalianzia darasani kwetu Ghubra, mtaa wa Maskati, mwezi wa mwisho wa masomo, mwaka wa tisini na nane. Abla wa tarikh, yaani historia (walimu wa kike wote tunawaita abla, hata wasiostahili) alitaka kila mmoja aandike juu ya mji wa kale. Wenzangu kumi na moja waliandika juu ya Qahira ya Misri, kwa sababu abla anatoka Qahira, na hao ndio wenye akili darasani. Mimi niliandika juu ya Kannauj.

Jina hilo nililitoa kwenye kichupa cha bibi yangu. Bibi Zuwena ndiye anayewachanganyia manukato maharusi wa Kiunguja hapa Maskati. Akishasaga dalia, akishapika udi, mwisho wa yote hutia tone moja la mafuta kutoka kichupa kile, nayo hunukia kama ardhi iliyonyeshewa mvua sasa hivi. Kwetu mvua huja kama mgeni anayeogopa kulishwa, kwa hiyo harufu ile ni mali. Mhindi mzee wa soko la Mutrah aliyekuwa akimuuzia Bibi ndiye aliyenisimulia: Kannauj, karibu na mto Ganga, ulikuwa mji mkuu wa dola kubwa ya kaskazini ya India zaidi ya miaka elfu iliyopita. Mtawa wa Kichina alikwenda kule akauandika alivyouona. Falme tatu ziliugombania vizazi kwa vizazi. Majeshi yakauvunja, ukajengwa, ukavunjwa tena. Sasa ni mji mdogo wa wapika manukato.

Haya yote niliyaandika. Na kwa kuwa nusu ukurasa ulibaki mtupu, nikaongeza kwamba tembo wa mfalme alikuwa na kucha za dhahabu.

Abla alifungua atlasi ya shule, akapitisha kidole juu ya India yote, hakuona kitu. Alinitazama kwa jicho la mtu aliyewahi kukuta mjusi ndani ya mkoba wake. Aliyemtia mjusi ni mimi, sikatai.

"Raya," alisema, "safari hii umezua mji mzima."

"Upo, abla."

"Ushahidi?"

"Bibi yangu ana kichupa."

Darasa lilicheka mpaka la jirani likasikia. Hukumu ikatoka hapo hapo: tabur ya kwanza baada ya likizo, shule nzima imejipanga mbele ya bendera, nitasimama kwenye kipaza sauti nisome kwamba mji wa Kannauj ni uongo wangu na naomba radhi. Karatasi aliiandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu.

Sasa, mimi nimesema uongo mwingi katika umri wangu wa miaka kumi na sita, na wote niko tayari kuuombea radhi kwa jumla. Lakini kuambiwa niikane kweli, hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wiki mbili baadaye bahati ikageuka. Yule mzee wa Mutrah alifunga duka akarudi kwao kupumzika, kichupa cha Bibi kilikuwa kimekauka, na harusi ya mama mdogo Asya ilikuwa mwezi wa tisa.

"Nnakwenda mwenyewe," alisema Bibi. "Nshachoka kuletewa."

"Mama, India mwezi wa sita kuna joto," alisema Mjomba Seif, ambaye ni mtu wa wizara na hupenda kutoa maoni.

Sote tukavisikiliza viyoyozi vitatu vikinguruma, kisha tukacheka mpaka mjomba mwenyewe akacheka. Ikaamuliwa mjomba ampeleke, nami nikaomba nifuatane nao, eti nimtafsirie Bibi. Habari ya abla sikumwambia mtu.

Siku mbili kabla ya kuondoka, chetezo hakikupoa. Nyinyi mlioko nyumbani mnajua, lakini nitawaeleza watakaosoma nje: kwa Bibi, mtu hasafiri mpaka nguo zake zimefukizwa. Alizitandaza juu ya fremu ya mbao, chetezo cha udi chini, moja baada ya moja. Makanga, makanzu, dishdasha za mjomba, soksi za mjomba. Mwisho akalifukiza na sanduku lenyewe. Pale uwanja wa ndege wa Seeb mtu wa forodha alilifungua, akavuta pumzi, akasema "Mashallah", akalifunga bila kupekua. Ningekuwa mhalifu, ningekuwa tajiri.

Delhi tulifika alfajiri. Joto lilikuwepo kweli, lakini sisi ni watu wa Maskati, tulilipita kama mtu anavyompita jirani yake. Kilichonishangaza ni umati wa stesheni. Bibi alipita katikati yake wima, na watu wakampisha, si kwa heshima tu bali kwa udi. Ndani ya treni mama mmoja aliyekaa mbele yetu aliniuliza, "Mnakwenda harusini?" Kihindi changu ni cha maduka ya Wahindi wa Ruwi, kule kwetu Maskati, na cha filamu, kwa hiyo najua kununua kitambaa na kulia chini ya mvua. Nilimjibu kwamba tunakwenda Kannauj, kuutazama mji wa kale.

"Kannauj?" alisema. "Kule kuna viazi."

Mjomba alinigeukia. "Mji gani wa kale? Si tunakwenda kununua mafuta?"

Nikajifanya nimelala.

Adhuhuri tulishuka Kanpur, tukakodi gari, na baada ya saa mbili hivi za vumbi dereva akasema ndio tumefika. Nilichungulia dirishani nikitafuta ngome, lango, angalau nguzo moja. Niliona maghala ya viazi. Niliona baiskeli, ng'ombe aliyelala katikati ya barabara kama mkurugenzi, na ubao wa dawa ya meno. Nilijiona nimesimama kwenye kipaza sauti nikiwaambia wasichana mia nne: nisameheni, ni viazi.

Kisha gari likaingia kichochoro chembamba, na maji ya mtaro yalikuwa yananukia waridi. Nasema mtaro, ule ule wa maji machafu. Bibi alimshika dereva bega asimame, akatoa kichwa nje, akafumba macho.

"Ni hapa," alisema.

Alasiri tulifika kwenye karakana ambayo jina lake liko kwenye kichupa. Mwenyewe, Mzee Rafiq, alitoka kutupokea: mtu mwembamba, ndevu nyeupe, kanzu fupi, na pua ambayo kama ingekuwa nchi ingekuwa na balozi wake. Alitutolea salamu, akapiga hatua mbili kuja kwetu, kisha akarudi hatua tatu.

Akapiga chafya. Akapiga tena. Nyuma yake mafundi wawili wakakimbilia kufunga mlango.

"Dada yangu," alisema, mkono kifuani, "karibu sana. Lakini ndani huwezi kuingia."

"Anasemaje?" Bibi aliniuliza.

Kweli ni kwamba alisema harufu yetu ni njema mno. Kesho asubuhi wanapika udongo, ndio unaotoa harufu ya yale mafuta ya Bibi, na wakati wa kupika udongo hakuna kipimo kingine ila pua yake. Mafundi wake siku hiyo hawali hata kitunguu. Mtu aliyefukizwa udi akiingia, kazi ya wiki nzima imeharibika. Hiyo ndiyo kweli, na ningeitafsiri vizuri kama shetani wangu asingekuwa macho.

"Anasema unanuka," nilisema.

Bibi alinyooka akawa mrefu kuliko mlango. "Mimi? Mimi nnanuka? Mwambie mimi nimewapamba maharusi mia tatu. Mwambie anitafute Unguja, anitafute Maskati." Akageuka, akaingia garini. Nilipomweleza kweli nilikuwa nimechelewa, na nilipata kofi la bega ambalo nilistahili.

Mzee Rafiq alitufuata mpaka garini, pua kaifunika kwa kilemba. Mke wake, Bi Nasima, alikuja na furushi: nguo za pamba za sote watatu, zisizo na harufu yoyote, na udongo wa kuoshea nywele. "Oga, vaa hizi, njoo kesho alfajiri," alimwambia Bibi kwa ishara na kwa upole. Bibi alilipokea furushi kwa vidole viwili. Tiketi zetu za kurudi zilikuwa za kesho hiyo hiyo, alasiri.

Baada ya magharibi, katika nyumba ya wageni, furushi lilikuwa bado limefungwa.

"Sivai," alisema Bibi. "Mafuta watayaleta hapa, Seif atakwenda kuyachukua."

"Bibi, ni nguo tu."

"Nguo tu. Weye unajua nini. Siku tuliyotoka Unguja niliacha nyumba, niliacha mlango, niliacha kabati la mama yangu. Nilitoka na mtoto huyu mgongoni," akamwonyesha Mjomba Seif, ambaye sasa hafai mgongo wowote, "lakini nilitoka nimejifukiza. Hapana mtu aliyeniona mnyonge. Na leo niingie kwa watu kama mtumba usiofuliwa?"

Mjomba akatazama sakafu. Mimi nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikaumeza. Ikabidi nitoe kilichokuwa chini yake. Nilimweleza yote: atlasi, darasa lililocheka, karatasi ya kalamu nyekundu. Nilimwambia kwamba bila kuingia mle ndani na kuuliza mwenyewe, nitarudi na habari ya viazi, na nitasimama mbele ya bendera niseme mji haukuwepo.

Bibi akauliza taratibu, "Kasema haukuwepo?"

"Kasema nimeuzua."

"Tulipofika Maskati," alisema Bibi, "jirani wa kwanza aliniuliza kama kule kwetu tulikuwa tunalala juu ya miti. Nikamwambia nna nyumba ya mawe, ghorofa mbili, mlango wa misumari. Akacheka. Miaka yote ile, kila nikisema, anacheka. Mpaka nikaacha kusema." Akalivuta furushi. "Seif, toka nje. Raya, nimwagie maji."

Ndoo nne tulitumia, kisha mimi na mjomba tukaoga zamu zetu. Udongo ule wa Bi Nasima uliondoa udi wa miaka sabini. Bibi alipotoka, nywele nyeupe zimelowa, ndani ya nguo ya watu isiyokuwa na harufu, alikuwa mdogo kama mimi. "Ukimwambia Asya," alisema, "nakulaani."

Sitamwambia. Atasoma mwenyewe.

Alfajiri ya pili mlango ulifunguliwa. Mzee Rafiq alisimama karibu na Bibi, akavuta pumzi, na akainamisha kichwa kama mtu anayempokea malkia. Ndani palikuwa na giza la moshi na safu ya mitungi mikubwa ya shaba juu ya majiko ya matofali, chini kuni na mavi makavu ya ng'ombe. Fundi mmoja alijaza mtungi vipande vya udongo uliochomwa, vinavyofanana na vikombe vilivyovunjika, akatia maji, akafunika, akaziba ukingo kwa pamba na tope. Kutoka kwenye kifuniko ulitoka mwanzi mrefu uliofungwa kamba, ukaingia kwenye chombo kingine cha shaba kilichokaa ndani ya maji baridi, na humo mlikuwa na mafuta ya msandali yakingoja. Mvuke wa udongo hupita mwanzini, msandali unaunywa. Hakuna saa wala kipimajoto. Fundi hukishika kile chombo kwa kiganja, na Mzee Rafiq hunusa.

Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na jiko. Hakuhitaji mkalimani tena. Yeye na Mzee Rafiq walinusa wakatazamana, wakanusa wakatikisa vichwa. Mara moja Bibi alisema "Bado" kwa Kiswahili, na fundi akaongeza kuni.

Nikamuuliza Mzee Rafiq: huu mji mkuu wenyewe uko wapi? Nimezunguka tangu jana, nimeona viazi.

Hakukasirika. Alinichukua mpaka nyuma ya karakana, tukapanda kilima kidogo cha udongo. Matofali ya kale yalitokeza ubavuni kama mbavu za punda. Vigae vilitapakaa. Juu kabisa alisimama mbuzi, mlinzi pekee wa dola.

"Huu ndio," alisema. "Kila aliyeuvunja alijenga juu yake, na yeye akavunjwa. Mvua ikinyesha, watoto hupita wakiokota vigae. Mimi udongo wangu unachimbwa hapa hapa karibu. Wewe unauliza mji uko wapi. Mji unachemka mle ndani."

Mjomba Seif alikuja na kamera. Alisisitiza mimi ndiye nipige, yeye asimame mbele. Filamu nzima iliisha hivyo, na baadaye iliposafishwa Ruwi, mji mkuu wa kale wa kaskazini ya India ulionekana umefichwa nyuma ya tumbo la mtu wa wizara.

Tulipokunywa chai, Bi Nasima alinisimulia asili ya jina la mji, kama wanavyosimulia wazee wa Kihindu jirani zake. Mfalme alikuwa na mabinti mia. Mungu wa upepo akawaona, akataka kuwaoa wote. Wakamkatalia: nenda kamuulize baba. Upepo ukaghadhibika, ukaingia miilini mwao ukawapinda migongo wote mia. Mji ukaitwa mji wa mabinti wenye vibiongo.

"Astaghfirullah," alisema Bibi nilipomtafsiria, safari hii bila ya kuongeza. "Upepo unaposa?"

"Lakini walikataa, Bibi."

"Na migongo?"

"Ilinyooka baadaye. Walipata mume, mtu wa kawaida."

"Mia, mume mmoja," alisema Bibi. "Bora kibiongo."

Kabla hatujaaga nilimuuliza Mzee Rafiq swali lililobaki, nikijua nisingelala bila kuliuliza. Je, tembo wa mfalme alikuwa na kucha za dhahabu?

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Tembo walikuwepo, binti yangu, jeshi zima. Kucha za dhahabu, hizo ni zako."

Bibi alipewa kichupa chake kipya na mimi nikapewa kidogo, cha ukubwa wa kidole. Alasiri tukapanda gari. Njia nzima ya kurudi Bibi alivaa zile nguo za pamba, na ndani ya treni hakuna aliyetupisha.

Mwezi wa tisa shule zilifunguliwa. Jumamosi ya kwanza, maana kwetu wiki ya shule huanza Jumamosi, tabur, jua la saa moja limeshakaa begani. Mudira, mkuu wa shule, aliniita, abla akanipa karatasi yake ya kalamu nyekundu. Niliikunja mara mbili. Niliogopa, sitaficha, kwa sababu mtu anayefanya mzaha kila siku siku moja akitaka kusema kweli hajui aiwekee sauti gani.

"Mimi, Raya wa darasa la kumi na moja," nilisema, "mwaka wa masomo uliopita nilisema tembo wa mfalme wa Kannauj alikuwa na kucha za dhahabu. Hakuwa nazo. Nilizua. Kwa tembo, abla, naomba radhi mbele ya wote."

Abla alitikisa kichwa kuniambia niendelee.

"Kwa mji, siombi. Upo. Nimeukuta ukipikwa."

Kipaza sauti kilizimwa, na abla akaichukua tena karatasi yake. Nyuma kabisa mtu mmoja alicheka, kisha safu nzima, na sikujua wananicheka au wanacheka nami. Adhabu ilitoka kabla bendera haijafika juu: wiki nzima, kila mapumziko, kuokota karatasi uwanjani, peke yangu.

Nilichojifunza si kikubwa. Usitie tembo ndani ya kweli. Mtu akitaka kuukataa mji wako, atashika mkia wa tembo huyo huyo auangushe mji mzima. Na Bibi naye kuna alilojifunza, kwa sababu siku hizi wageni wakija huwasimulia habari ya nyumba yake ya Unguja, ghorofa mbili, mlango wa misumari, na akicheka mtu humwambia: "Cheka, lakini nimesema."

Jumatano, siku ya mwisho ya adhabu, mgongo wangu ulikuwa umepinda sawasawa na wa wale mabinti mia. Nilikuwa nimejipaka tone moja kwenye kila kiganja ili kujipa moyo. Abla alipita karibu nami na daftari zake, akapita, akasimama. Alitazama juu. Mbingu ya Ghubra ilikuwa tupu kama atlasi yake.

"Kuna mvua?" aliuliza.

"Hapana, abla," nilisema, bado nimeinama. "Ni ule mji."

Alisimama kidogo zaidi ya inavyompasa mtu mwenye haraka. Kisha akasema niokote na ile karatasi iliyo chini ya mlingoti. Niliiokota. Ilikuwa ile ya kalamu nyekundu, imekunjwa mara mbili.